Walikwisha Kushikwa, Wakaachiwa

Mwenye nyumba wa Busanza, mtaa wa pembezoni mwa jiji la Kigali, alikuwa anadai kodi yake tu. Mpangaji, kijana wa miaka 34 anayeitwa Denis Kazungu, alikuwa hajalipa kwa miezi kadhaa. Mwanzoni mwa Septemba 2023 ikafika hatua ya kumtoa kwa nguvu, na katika purukushani ya kumhamisha siri ikavuja: jikoni kulikuwa na shimo, na shimoni kulikuwa na miili ya watu.

Kazungu alikamatwa tarehe 5 Septemba. Wapelelezi wa Rwanda walieleza kwamba wengi wa waliouawa ni wanawake aliokutana nao baa. Aliwakaribisha kwake, akawapora simu na mali zao, akawaua na kuwafukia humo humo jikoni. Alipofikishwa mahakamani mwezi huo huo alikiri kuua watu 14. Alidai kwamba wanawake hao walimwambukiza virusi vya UKIMWI kwa makusudi. Mtu wa namna hiyo hakosi sababu, na sioni faida ya kuichambua hapa. Tarehe 8 Machi 2024, siku ambayo dunia nzima ilikuwa ikiadhimisha Siku ya Wanawake, alihukumiwa kifungo cha maisha, ambacho ndicho adhabu ya juu kabisa nchini Rwanda tangu ilipofuta adhabu ya kifo mwaka 2007.

Magazeti mengi yaliishia hapo. Lakini katika taarifa zile kulikuwa na mstari mmoja mfupi ambao jicho lenye haraka lingeuruka. Julai ya mwaka huo huo, miezi miwili tu kabla ya shimo kufunuliwa, Kazungu alikuwa amekamatwa kwa tuhuma za unyang'anyi na ubakaji, kisha akaachiwa kwa dhamana kwa sababu ushahidi haukutosha. Alitoka mikononi mwa polisi, akarudi Busanza.

Tangu niusome mstari ule, kila habari ya muuaji wa aina hii, yule anayeua mmoja mmoja kwa miezi au miaka, naisoma nikitafuta ni wapi mstari huo utajitokeza tena. Na hujitokeza. Sinema zimetuzoesha kuamini kwamba muuaji wa mfululizo ni mtu wa akili nyingi anayewazidi polisi maarifa. Wengi wao ni watu wa kawaida, wengine hata kodi ya chumba inawashinda. Kinachowapa muda ni karatasi mbili zilizokaa kwenye droo mbili bila mtu kuziweka pamoja, na tabia yetu ya kutomtafuta mtu ambaye machoni petu hana thamani kubwa.

Msomaji wa Musoma anaweza kuuliza Kigali inamhusu nini. Asimame asubuhi yoyote stendi ya Bweri aangalie wanaopanda magari. Kuna vijana wa kwenda machimboni na begi moja la mgongoni. Kuna wasichana wa kwenda kufanya kazi za ndani Mwanza na Dar es Salaam, na wengine wakivuka mpaka wa Sirari kwenda Nairobi. Bunda ni njia panda ya barabara ya Mwanza na ya Ukerewe, na magari ya usiku hushusha hapo watu ambao mwenyeji hawajui. Butiama, wilaya alikotoka Baba wa Taifa, ina wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Buhemba waliotoka kila pembe ya nchi. Mkoa wa Mara una watu zaidi ya milioni 2.3 kwa sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya maisha yao ni kuondoka na kurudi. Katikati ya kuondoka na kurudi ndipo mtu anapoweza kupotea bila kengele kulia.

Tena sisi watu wa Mara tumezoea kusikia tukitajwa kwa ukali. Ukijitambulisha Dar es Salaam kwamba umetoka Mara, mtu anakuuliza panga umeliacha wapi, halafu mnacheka wote. Sicheki sana. Februari 2010, katika mtaa wa Mgaranjabo ulioko kandokando ya mji wa Musoma, watu 17 wa ukoo mmoja, wakiwemo watoto, waliuawa kwa mapanga usiku mmoja. Jambo lile lilitikisa nchi, na lilihusishwa na kisasi.

Nalitaja kwa sababu moja. Mauaji ya kisasi, kwa ubaya wake wote, yana anwani. Kunapokucha watu wanajua ni ukoo gani na ni ng'ombe gani walioanzisha. Vikao vyetu vya jadi, kuanzia vikao vya koo hadi ritongo la Wakurya, vilijengwa kwa ajili ya muuaji mwenye ukoo unaoweza kuitwa na kulipishwa. Sungusungu nao, walioanzia Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaenea hadi kwetu, walijengwa kumfukuzia mwizi wa ng'ombe anayeacha kwato njiani. Muuaji aliyepanga chumba juzi, anayemuua mtu asiyemdai wala asiyegombana naye, hakuna kikao cha mila kinachomngoja. Hana anwani, na yule aliyeuawa mara nyingi hana anwani pia.

Kenya ilipata somo hilo mara mbili ndani ya miaka mitatu.

Mara ya kwanza ilikuwa Julai 2021, alipokamatwa kijana wa miaka 20, Masten Wanjala, kuhusiana na kupotea kwa watoto jijini Nairobi. Kwa maelezo ya idara ya upelelezi ya Kenya, DCI, alikiri kuua watoto wasiopungua 10 kwa muda wa miaka mitano, yaani alianza akiwa bado mtoto mwenyewe. Aliwavuta kwa mpira wa miguu, akijifanya kocha, na kuwapa kitu cha kuwalewesha. Kwa baadhi ya wazazi alipiga simu kudai fedha huku mtoto akiwa amekwisha kufa. Aliwaongoza wapelelezi hadi vichakani walikotupwa baadhi yao.

Katika maelezo ya DCI kuna kisa kimoja ambacho kila mjumbe wa nyumba kumi angepaswa kukisikia. Miaka michache kabla ya kukamatwa kwake, mtoto mmoja aliuawa huko Kamukuywa, upande wa Kimilili, kaunti ya Bungoma. Wakazi wakapandwa na hasira, wakamnyooshea kidole mtu waliyemdhania, wakateketeza nyumba yake. Wanjala akaendelea na yake. Nyumba ikawaka, watu wakarudi makwao wameridhika kwamba haki imetendeka, na muuaji akapewa miaka mingine.

Tarehe 13 Oktoba 2021, siku aliyotakiwa kupelekwa mahakamani, mahabusu walipohesabiwa asubuhi katika kituo cha polisi cha Jogoo Road, Wanjala hakuwepo. Askari watatu waliokuwa zamu wakawekwa ndani. Naye akashika njia ya nyumbani kwao Bungoma, mamia ya kilomita, na huko watu wakamtambua. Siku mbili baada ya kutoroka, wanakijiji walimzingira na kumuua.

Najua wasomaji wengi wakifika hapo wanasema amestahili. Nimesikia hoja hiyo kwenye vijiwe vya Nyasho na kwenye misiba, na sina haja ya kumtetea Wanjala. Ila wazazi waliokuwa wakingoja kesi hawakuisikia kesi. Kama alikuwa na mwenzake, kama kuna mtoto aliyesahau kumtaja, kama maungamo yake yalikuwa kweli tupu au yametiwa chumvi, maswali hayo yalizikwa pamoja naye. Kwa sheria yetu ya Tanzania, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 196, yule anayeshiriki kumpiga mtuhumiwa hadi afe ana kosa la mauaji kama muuaji mwingine yeyote, na kifungu cha 197 kinampeleka kwenye adhabu ya kunyongwa, hata kama nchi haijamnyonga mtu tangu miaka ya 1990.

Kabla ya kufika Kware, ambako Kenya ilipata somo lake la pili, nataka nikae kidogo Uingereza, kwa sababu huko kuna kesi ambayo imechunguzwa hadi mfupa, na kila ninapoisoma naona sura za watu ninaowafahamu.

Peter Sutcliffe alizaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Bingley, kaskazini mwa Uingereza. Alifanya kazi ya kuchimba makaburi, baadaye akawa dereva wa lori Bradford. Alioa mwaka 1974. Majirani walimwona mtu mpole, safi, asiye na maneno mengi. Kati ya 1975 na 1980 aliwaua wanawake 13 na kujaribu kuwaua wengine 7, akitumia zaidi nyundo na kisu. Magazeti yalimbandika jina la kutisha kabla ya kumjua, na jina hilo likamfanya aonekane mkubwa kuliko alivyokuwa.

Baadhi ya waliouawa mwanzoni walikuwa wanawake wanaojiuza. Polisi na magazeti ya wakati ule waliandika na kuzungumza kana kwamba vifo vyao ni sehemu ya kazi yao. Mwaka 1977 alipouawa msichana wa miaka 16, mfanyakazi wa duka aliyekuwa akirudi nyumbani, ndipo lugha ikabadilika ghafla: sasa wakasema ameuawa mtu asiye na hatia. Hebu fikiria mama wa mmoja wa wale wa kwanza akisoma gazeti siku hiyo. Polisi wa West Yorkshire waliomba radhi kwa lugha ile mwaka 2020, miaka zaidi ya 40 imepita.

Sutcliffe alihojiwa na polisi mara tisa katika uchunguzi ule. Narudia, mara tisa. Gari lake lilionekana mara nyingi kwenye mitaa ya wanawake waliokuwa wakiuawa. Mwaka 1977 noti mpya ya pauni 5 ilipatikana kwenye mkoba wa mwanamke aliyeuawa Manchester, na polisi wakaifuatilia hadi kwenye mishahara ya makampuni kadhaa. Sutcliffe aliajiriwa katika mojawapo. Rafiki yake wa karibu aliandikia polisi barua mwishoni mwa 1980 akimtaja kwa jina. Yote hayo yaliandikwa kwenye kadi, kwa mkono, na kadi zikawa nyingi mno, na ile ya gari ikakaa mbali na ile ya noti. Kompyuta ilikuwa bado haijaingia kwenye kazi hiyo. Barua ya rafiki ikapangwa kwenye foleni ya barua nyingine.

Kisha likaja kosa linalonifanya nishtuke zaidi kama mtu wa Mara. Juni 1979 mkuu wa upelelezi alipokea kanda ya sauti ya mwanamume anayejigamba kwamba yeye ndiye muuaji. Wataalamu wa lafudhi wakasema msemaji ni mtu wa upande wa Sunderland. Kuanzia hapo, mtuhumiwa ambaye hakuongea kwa lafudhi ya Sunderland alikuwa na nafasi nzuri ya kuondolewa kwenye orodha. Sutcliffe aliongea kama mtu wa Bradford. Aliua wanawake wengine watatu baada ya kanda ile. Mwenye kanda, mlevi mmoja wa Sunderland ambaye hakuwahi kumuua mtu, alipatikana miaka mingi baadaye kwa vinasaba akafungwa miaka 8 mwaka 2006.

Sasa tuje kwetu. Mtu akikutwa amekufa porini kati ya Kiabakari na Nyamuswa, swali la kwanza kwenye kijiwe cha bodaboda linakuwa gani? Mara nyingi ni kabila. Wenye lafudhi fulani watatazamwa usoni, wenye sifa ya ukali wataanza kujitetea, na yule mpangaji mpole asiyesalimia kwa sauti, anayelipa nauli bila kubishana, atapita katikati yetu salama. Sutcliffe alipita hivyo hivyo kwa miaka mitano. Wapelelezi walikuwa wanatafuta namna ya kuongea, na muuaji alikuwa anatafuta mwanamke aliye peke yake.

Aliyemkamata hatimaye hakuwa kwenye kikosi kile kikubwa. Usiku wa tarehe 2 Januari 1981, jijini Sheffield, sajenti mmoja na konstebo wake waliona gari limeegeshwa gizani, wakaangalia namba, wakakuta si zake. Dereva aliomba kwenda kujisaidia pembeni, wakamruhusu. Siku iliyofuata yule sajenti, Robert Ring, aliposikia kwamba mtu wao anaulizwa habari za mauaji, akakumbuka ile haja ndogo, akarudi mahali pale na kukuta nyundo na kisu vimefichwa. Sutcliffe alihukumiwa Mei 1981 na akafia kifungoni Novemba 2020. Mamilioni ya pauni yalitumika kumtafuta kwa ustadi. Akakamatwa na askari wa doria aliyekagua namba ya gari na kukumbuka mtu alikwenda kukojoa wapi.

Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya watu wa kuandika na kukumbuka. Na sasa tuangalie Kware.

Kware ni shimo la machimbo ya mawe lililogeuka jalala, Mukuru kwa Njenga, mashariki mwa Nairobi. Tarehe 12 Julai 2024 ikaanza kutoka miili: mifuko na magunia yaliyofungwa kamba, ndani yake miili ya wanawake iliyokatwakatwa. Waliokuwa wakiingia kwenye maji yale machafu kuitoa ni vijana wa mtaa, wengi bila glavu. Kituo cha polisi kilikuwa karibu kiasi kwamba wananchi waliandamana hadi mlangoni kwake kwa miguu. Wiki zile Kenya ilikuwa inawaka kwa maandamano ya vijana, Bunge lilikuwa limevamiwa tarehe 25 Juni, na wengi waliamini kwamba miili ile ni ya waandamanaji.

Siku tatu baadaye polisi walitangaza kumkamata Collins Jumaisi Khalusha, mwanamume wa miaka 33. Walisema alinaswa baa usiku wa fainali ya kombe la Ulaya, kwa kufuata simu ya mmoja wa waliouawa, na kwamba chumbani kwake, jirani na shimo lile, walikuta panga, simu kadhaa na vitambulisho. Walisema amekiri kuua wanawake 42 tangu 2022, wa kwanza akiwa mke wake. Wakili wake akasema mteja wake aliteswa hadi akakiri. Miongoni mwa Wakenya wengi maelezo ya polisi hayakupata masikio, na siwalaumu. Polisi wenyewe walikuwa wakituhumiwa kwa kupotea kwa vijana mwezi huo huo. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, kwa hiyo kwa sheria yeye bado ni mtuhumiwa. Nitakaa upande huo wa mstari.

Alfajiri ya tarehe 20 Agosti 2024 askari wa kituo cha Gigiri, kituo kilichoko kwenye eneo la mabalozi na ofisi za Umoja wa Mataifa, walikwenda na chai ya mahabusu wakakuta waya umekatwa. Watu 13 walikuwa wametoroka, 12 raia wa Eritrea na wa 13 Jumaisi. Wakuu wa polisi wenyewe walikiri kwamba lazima walisaidiwa kutoka ndani. Miezi ikapita bila yeye kukamatwa. Huo ndio mstari ule ule wa Kigali, safari hii umeandikwa kwa wino mzito.

Ila kuna jambo jingine la Kware lisilomhusu Jumaisi, iwe kweli ni yeye au si yeye. Tuseme takwimu ya polisi ni ya uongo, tuchukue miili ile michache iliyoonwa na kila mtu. Wanawake wale walikuwa na umri wa kati ya miaka 18 na 30. Walikuwa na mama, dada, mwenye nyumba, mteja wa mboga. Familia zilikwenda vituoni kuripoti, na nyingine zikasema zilijibiwa kwamba binti atakuwa amekwenda kwa mwanamume. Jibu hilo nalijua, nawe unalijua. Linatolewa Nairobi na linatolewa Kanda ya Ziwa, na wakati mwingine tunalitoa sisi wenyewe kabla hata ya kufika kituoni.

Hata waliokufa kitandani wanahitaji mtu wa kuwahesabu. Daktari Harold Shipman, wa mji wa Hyde karibu na Manchester, aliwaua wagonjwa wake, wengi wao bibi wazee, kwa sindano za diamofini, halafu yeye mwenyewe akaandika vyeti vya vifo. Tume ya Jaji Janet Smith ilimkuta na vifo 215, na baadaye ikakadiria kwamba vyote vinafika 250. Naye alikwisha kushikwa: mwaka 1976 alitozwa faini kwa kughushi hati za dawa, akaachwa aendelee na udaktari. Machi 1998 daktari wa jirani, Linda Reynolds, alipeleka mashaka yake, polisi wakachunguza juujuu, wakafunga faili. Shipman akaua wengine watatu. Aliyekuwa ameona mapema ni dereva teksi mmoja wa Hyde, ambaye abiria wake wazee walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine, naye akawa anaandika majina yao. Aliogopa kusema, maana nani angemwamini dereva dhidi ya daktari?

Bibi wa miaka 81 akifariki Butiama tunasema ameitwa, majirani wanachimba kaburi, kesho yake tunazika, na karatasi ya kifo inafuata baadaye kama inafuata. Sisemi kuna Shipman Kiabakari. Nasema kama yupo, hatuna pa kumwona.

Ni nani basi anayewahesabu watu Mara? Kisheria na kitaratibu, mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na mtendaji wanatakiwa wajue nani anaishi wapi, na daftari la wakazi lipo kwa kazi hiyo. Mahali pengine daftari linaandikwa vizuri. Mahali pengine linafunguliwa wakati wa chakula cha msaada na wakati wa uchaguzi. Kwenye makambi ya dagaa ya ziwani, kuanzia upande wa Musoma vijijini hadi Kibara, hali ni ngumu zaidi. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi giza likiwa nene na hupumzika mbalamwezi ikiwaka, na kila giza jipya linaweza kuja na vibarua wapya. Mtu anajulikana kwa jina la utani na kwa chombo anachopandia. Asipoonekana giza linalofuata, wanasema amehamia Ukerewe. Machimboni ni hivyo hivyo: amehamia duara jingine, amekwenda Geita, amepata pesa kakimbia. Na dada wa kazi aliyetoka kijijini Bunda kupitia kwa "shangazi" ambaye si shangazi, simu yake ikizimwa, nyumbani wanasema amepata mjini amesahau kwao.

Kuna sehemu moja mkoani kwetu ambapo nimeona kinyume chake. Shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu na Butiama kwa ajili ya wasichana wanaokimbia ukeketaji. Desemba ya msimu wa ukeketaji, binti anaweza kutoka kwao usiku wa manane akitembea peke yake porini, na hakuna mtu rahisi zaidi kupotezwa kuliko huyo. Lakini akifika, anapokelewa pamoja na polisi wa dawati la jinsia na ustawi wa jamii, na kuanzia hapo kuna watu wanaojua yuko wapi na wanaofuatilia akirudi kwao. Kama tunaweza kufanya hivyo kwa binti aliyekimbia usiku, hatuwezi kusema imeshindikana kwa kibarua wa mwalo.

Wakala wa fedha za simu anajua nani alikuwa anatuma nyumbani kila mwisho wa mwezi na ghafla akaacha. Bodaboda anajua alimshusha wapi abiria wa saa sita usiku. Mama ntilie wa mwaloni anajua nani anadaiwa sahani na haonekani. Watu hao watatu wana taarifa nyingi kuliko ofisi yoyote, na hakuna ofisi inayowauliza. Viongozi wa mitaa wangeanza na hao.

Kwa polisi ombi langu ni dogo kuliko bajeti yao. Taarifa ya mtu aliyepotea Bunda ionekane Musoma, Tarime na Sirari, na ya Sirari ionekane Isebania upande wa pili, kwa sababu muuaji anayepanda basi hana mpaka wa wilaya. Na mtuhumiwa wa ubakaji anapoombewa dhamana, kabla ya kutiwa saini mtu aangalie kama kuna wanawake waliopotea kwenye mtaa wake. Kigali ingeokoa watu kwa kufanya hivyo Julai ile.

Kwa familia, ombi ni hili. Kama una mdogo wako, binti yako au mume wako ambaye hamjaisikia sauti yake kwa wiki kadhaa, usingoje afike sikukuu. Nenda kituo cha polisi na picha yake, namba zake zote za simu, jina la utani analoitwa huko aliko, na jina la mtu aliyempeleka. Ukiambiwa atakuwa amekwenda kwa mwanamume au amekimbia madeni, kaa kwenye benchi, dai jalada lifunguliwe, upewe namba ya RB, uiandike mahali pawili. Kisha rudi wiki inayofuata ukaulize.